"Ukitaka picha nzima nunua kadi nzima": nimedhalilishwa leo mbele ya mteja, Arusha

Wakuu, natetemeka hapa Kijenge, chai imepoa sijaigusa. Yule jamaa mnamjua, simtaji. Yule anayejiita baba wa grafiki Arusha nzima, mwenye kadi ya NVIDIA, ile ya kuchora picha kwenye kompyuta, anayoifuta vumbi kama picha ya marehemu babu yake.

Asubuhi tunamwonyesha mzee mmoja lodge yake kwa 3D kabla haijajengwa. Mashine ni yangu, ina RX 580 ya mtumba, kadi ya AMD. Nimepanda migunga 64, mmoja mmoja. Skrini inawaka, migunga 32! Mzee anauliza, "Vijana, ile ya upande wa mto mmeikata?" Jamaa anajibu, mbele ya mzee, mbele ya dada wa chai: "Ukitaka picha nzima nunua kadi nzima."

Kadi nzima! Yangu imekatwa na panga?

Nimerudi nimefungua sheda yake, ile programu ndogo inayoendeshwa ndani ya kadi. Kaandika 32 kama amri ya Mungu. NVIDIA inatembeza nyuzi, yaani vijikazi vinavyokwenda sambamba, kwa mafungu ya 32, sawa. RX 580 inatembeza 64 kwa mpigo. Yeye anakusanya kura za nyuzi, mti gani unaonekana na upi hauonekani, anasoma biti 32 za kwanza, nyingine anatupa. Huko ndiko migunga yangu ilikoishia. Vulkan 1.1, njia ya programu kuongea na kadi, tangu 2018 inakuruhusu kuiuliza kadi fungu lake lina nyuzi ngapi. Kuuliza tu! Nimegusa mistari mitatu, migunga 64 imesimama. Halafu niambiwe ninunue kadi nzima, mbele ya mzee wa watu!

Chalii wa Sakina: Huyo namjua, aliwahi kuniambia laptop yangu ni sahani ya ugali.

Mama Programu: Mleta mada, ulienda kwa mteja bila kujaribu kwenye mashine yako? Pole, ila ulijitakia.

Mleta mada: Dada, hiyo sheda jamaa aliileta dakika tano kabla. Na bado haimpi ruhusa ya kusema "kadi nzima"!

Mkazi wa Ngarenaro: Mkuu, hiyo RX 580 unauza?

Wa Moshi Mjini: Afadhali nyie wa kompyuta. Mimi gemu dakika kumi tu, simu inakuwa pasi ya mkaa. Fundi kaniambia nitoe kava.

Mama Programu: Kava halina kosa. GPU nyingi za simu, yaani chipu za picha, huchora picha kigae kwa kigae ndani ya kumbukumbu ndogo ya chipu. Msanidi aliyezoea kompyuta anasimamisha uchoraji katikati ili aisome picha, kila kigae kinamwagwa kwenye RAM na kurudishwa. Betri ndiyo inalipa.

Mleta mada: Wakuu, turudi kwenye mada. Kasema "kadi NZIMA".

Chalii wa Sakina: Wa Moshi, kava lenyewe ni la mpira au la ngozi?

Wa Moshi Mjini: La mpira. Limeshaanza kunuka.