Mjadala: Dalali asiyesajiliwa apigwe marufuku kuuza ploti Nakuru?

Mkaazi wa Kiamunyi (mleta hoja)

Hoja yangu ni hii: mtu ambaye hajasajiliwa na bodi ya mawakala asiruhusiwe kuuza ploti wala nyumba ya mtu mwingine hapa Nakuru. Sheria ipo, wala si ya jana. Sura ya 533 ya sheria za Kenya, ile ya mawakala wa ardhi na nyumba, imekuwepo tangu 1984, na inasema kazi ya kumkutanisha muuzaji na mnunuzi kwa malipo ni ya waliosajiliwa. Lakini simama stejini Pipeline kidogo tu, useme unatafuta hamsini kwa mia, yaani ploti ya futi hamsini kwa mia moja. Kabla matatu haijajaa utakuwa umeuziwa nusu ya Lanet.

Tangu tupewe hadhi ya jiji Desemba 2021, kila mwenye simu na pikipiki amekuwa wakala. Anakutoza pesa ya kuonyeshwa ploti hata bikoni, yale mawe ya mipaka, hujaziona. Mwenye mali amesema milioni moja na laki mbili, wewe unaambiwa milioni moja na nusu, na ile laki tatu ya katikati inaliwa na watu usiowajua. Ukiomba hatimiliki unatumiwa picha ambayo pembe yenye namba imekatwa. Halafu pita Kiamunyi mpaka Ngata uangalie kuta na mageti yaliyoandikwa kwa rangi nyekundu SHAMBA HILI HALIUZWI. Mwenye boma hachafui ukuta wake kwa kupenda. Anajua kuna mtu hupitisha wateja pale yeye akiwa kazini.

Anayepinga aje na sababu. Matusi abaki nayo.

Dalali wa Lanet

Mimi ndiye unayenisema, kwa hivyo nijibu.

Kwanza, wale mawakala wenye ofisi ghorofani mjini niambie ni lini mmoja alikanyaga Mbaruk kwa sababu ya ploti ya laki sita. Hawezi. Kamisheni ya asilimia tatu ya hiyo pesa haimtoshi mafuta na mshahara wa karani. Anangoja nyumba za Milimani na Section 58. Ukinifungia mimi, mwalimu, askari na mama wa soko hawatapata wakala mwingine. Watabaki wakibandika karatasi kwenye nguzo za stima.

Pili, yale ninayoyajua hayako kwenye faili. Najua shamba ambalo mzee alifariki na watoto wa wake zake wawili hawajaketi kugawana. Najua mtaa ambao maji ya bomba hufika mara moja kwa wiki, na ule unaotegemea kisima chenye floridi ya kuharibu meno ya watoto. Najua ni wapi mvua kubwa ikinyesha ardhi inafunguka ufa wa kuzamisha mguu. Hayo utayasoma kwenye cheti gani?

Na hiyo pesa ya kuonyeshwa, ndugu yangu, ni mafuta ya pikipiki na siku yangu. Wengi wenu hamnunui. Mnakuja Jumamosi kutembea.

Mama wa Mwariki

Dalali anajua mengi, sawa. Je, anayasema?

Ziwa Nakuru lilipopanda, tuliona watu wakihama nyumba walizojenga kwa mkopo wa sako. Maji hayakuja usiku mmoja. Yalikuwa yakisogea miaka kadhaa, uzio wa mbuga ukimezwa pole pole, na bado kiangazi kilipokausha matope kidogo ploti za huku ziliendelea kutembezwa. Mteja analetwa Januari saa sita mchana, jua kali, anaambiwa "hapa ni pakavu, mama, angalia mwenyewe." Aliyemleta amezaliwa hapa na anajua Mei panakuwaje. Ujuzi wa dalali unasaidia yule anayemlipa, basi.

Mwalimu mstaafu, Njoro

Mwenye hoja ameshika tawi akaacha shina. Leseni haikuwahi kutulinda huku.

Vijana wengi hawajui nusu ya ardhi hii ilifikaje mikononi mwa watu. Baada ya uhuru wakulima walichanga pesa katika kampuni na vyama vya kununua mashamba ya wazungu, kila mwanachama akapewa cheti cha shea. Mashamba yakagawanywa, mara kwa kura, mara kwa kujuana. Hati mama, ile ya shamba zima, ikabaki kwa kampuni miaka na miaka. Kuna familia mpaka leo inalima kwa kile cheti peke yake, imekikunja kwenye mfuko wa plastiki chini ya godoro. Shea moja imewahi kuuzwa kwa watu wawili, na waliouza hawakuwa madalali wa pikipiki, walikuwa viongozi waliochaguliwa kwenye mkutano, na mhuri wanao.

Na siku hizi? Wanaokupeleka kwa basi la bure, soda na fulana juu yake, ukaone ploti zilizobandikwa vibao vya rangi, wana ofisi, wana mashine ya risiti, wana vijana waliovaa tai. Watu wamelizwa na hao pia. Oktoba 2023 kule Mavoko tuliona tingatinga zikiangusha maghorofa ya watu kwenye ardhi ya kiwanda cha saruji. Wenyewe walikuwa na karatasi, na walilipa kwa utaratibu waliouamini.

Kwa hivyo cheti cha wakala ukutani kisimpumbaze mtu.

Karani wa wakili

Nifanyaye kazi hii kila siku nashangaa tunabishana juu ya anayeonyesha ploti badala ya anayeshika pesa. Mengi ya majonzi yanayoletwa ofisini yanaanzia hapo: mtu alimpa dalali "kishika nafasi" kwa simu, bila karatasi.

Mauzo ya ardhi bila mkataba ulioandikwa, ukasainiwa na kushuhudiwa, hayatekelezeki mahakamani. Amana ya asilimia kumi kwa kawaida inakaa kwa wakili wa muuzaji, akiishikilia mpaka mambo yakamilike. Kama shamba ni la kilimo, na huku nje ya mji mengi ni ya kilimo hata kama yamejaa mabati, lazima kibali cha bodi ya ardhi kiombwe ndani ya miezi sita tangu mkataba. Bila kibali, mkataba ni bure. Kama muuzaji ana mke, au ni mama mwenye mume, idhini ya mwenzi lazima iwepo. Nimeona mama akisimama mbele ya bodi akasema hajui lolote, na kikao kikaishia pale. Dalali alikuwa amekaa nyuma, ameshapiga hesabu ya kamisheni.

Na usitosheke na sachi peke yake, yaani kutafuta jina la mwenye ardhi kwenye rejista. Aprili 2023 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Dina Management na Kaunti ya Mombasa, ilisema kuwa na hatimiliki mkononi hakukukingi ikiwa ardhi ilitolewa kinyume cha sheria tangu mwanzo. Lazima uchimbe ilikotoka. Omba kuona kadi ya kijani, ile rekodi ya wamiliki wa ardhi hiyo, soma majina yote mpaka la kwanza.

Jambo jingine: dalali akikwambia "tuandike bei ndogo kwenye mkataba tupunguze ushuru," ondoka. Ushuru wa stempu ni asilimia nne mjini, mbili mashambani, na mthamini wa serikali hatazami karatasi yenu tu. Muuzaji naye anatozwa asilimia 15 ya faida yake tangu Januari 2023, ndiyo maana anakubali haraka. Mkija kugombana, utarudishiwa bei iliyoandikwa tu.

Mkenya aliye Doha

Mnaongea kama wote tuko Nakuru. Sisi tulio huku hatuwezi kwenda kwa chifu wala bodi. Tunatuma pesa kwa ndugu. Na ndugu ndiye dalali mbaya kuliko wote, kwa sababu huwezi kumdai risiti, na ukimuuliza maswali mama anapiga simu kukuuliza mbona unamdharau kaka yako. Afadhali nimlipe mgeni aliyesajiliwa, nikijua nikiibiwa nina pa kushtaki. Sheria yenu ya 533 mngeitumia kwa ajili yetu.

Mkaazi wa Kiamunyi

Karani amenisaidia zaidi ya alivyotaka. Kama pesa haifai kupita kwa dalali, na kama dalali asiyesajiliwa akienda kortini kudai kamisheni anaambiwa hatambuliki, basi hali yake sasa ni ya mtu asiyeweza kudai wala kudaiwa. Huyo ndiye mnataka tuendelee naye?

Mwalimu, kwamba mwenye leseni huiba haimaanishi asiye nayo aachwe. Mwenye leseni ana bodi ya kumfuta. Dalali wa Lanet nitamshtaki kwa nani, kwa chama cha bodaboda?

Mwalimu mstaafu, Njoro

Nitajie mmoja uliyemwona amefutwa.

Dalali wa Lanet

Mimi naomba niseme kitu kimoja ambacho hamtakipenda.

Mama wa Mwariki ameuliza kama nasema ninayoyajua. Ukweli ni huu: mimi nalipwa mauzo yakikamilika. Yasipokamilika narudi nyumbani bila kitu, hata kama nimezunguka nawe wiki nzima. Sasa nikikwambia ufa uko wapi, au kwamba bibi mdogo hajakubali, nimejikata mkono. Na anayenilipa ni muuzaji. Mmenipangia hivyo nyinyi wanunuzi, kwa sababu mnaona ni nafuu kamisheni ikitoka upande wa pili. Hata huyo wa ghorofani mwenye cheti analipwa hivyo hivyo. Mpeni leseni, mpeni tai, tumbo lake liko kwa muuzaji.

Ile pesa ya kuonyeshwa mnayoitukana ndiyo pekee inayotoka kwenu kuja kwangu, bila kujali mmenunua au hapana. Iongezeni, muibadilishe jina. Nilipe elfu tatu tuzunguke pamoja: kwa mzee wa nyumba kumi, kwa majirani wa pande zote nne, kwa mpima ardhi athibitishe bikoni, halafu tukasimame pale mvua ikinyesha. Niseme yote. Biashara ikifa, nimeshakula yangu, hatudaiani. Na kamisheni ya muuzaji nisiiguse kwa ploti hiyo.

Mama wa Mwariki

Elfu tatu ningelipa leo. Wenzangu walipoteza nyumba.

Karani wa wakili

Iandikwe hivyo kwenye karatasi: kwamba hachukui chochote upande wa pili. Bila hiyo atakula kote kote.

Mkaazi wa Kiamunyi

Sawa, tuseme nimekulipa elfu tatu, na umeandika. Mwenye ploti akiwa shemeji yako je?

Dalali wa Lanet

Lanet hii? Basi tafuta dalali wa Njoro.