Mrejesho: kuunganisha vipande vya nyimbo za kucheza kwenye kompyuta

Ndugu zangu, niliuliza namna ya kuunganisha vipande vya nyimbo kwa ajili ya arusi ya dada yangu hapa Bukavu, bila muziki kukatika wala wachezaji kupoteza hatua. Kazi imekamilika, nami nawashukuru kwa dhati.

Nilitumia Audacity, programu ya bure, kama mlivyoshauri. Kilichosaidia zaidi ni kuhesabu mapigo ya kila wimbo kwa dakika, kwa maana sebene (sehemu ya magitaa ya kuchezea katika nyimbo za Kikongo) ya mapigo 128 na kipande cha mapigo 122 havipatani mpaka kimoja kibadilishwe mwendo, na programu hiyo huweza kufanya hivyo bila kuifanya sauti ya mwimbaji iwe nyembamba au nzito zaidi, mradi tofauti isiwe kubwa. Kisha nilikata kila kipande penye pigo la kwanza, nikapishanisha miisho ili wimbo mmoja ufifie huku mwingine ukipanda. Besi mbili zikilia pamoja huvuruga kila kitu, hivyo nilipunguza ile ya wimbo unaotoka.

Nakala kuu nimeihifadhi kwa WAV, aina ya faili ya sauti isiyobanwa, ambayo huchukua takriban megabaiti 10 kwa dakika, na ya simu kwa MP3, faili iliyobanwa iwe ndogo.