Mjomba anataka kaboi, mimi nataka dokumentari: Ijumaa tutazame nini?

BintiBarani
Asalaam aleikum wanajamvi. Kwetu Malindi, kila Ijumaa baada ya isha tunakaa sebuleni kutazama filamu moja. Mjomba wangu, nahodha wa jahazi aliyestaafu, anapenda picha za kaboi tangu enzi za majumba ya sinema ya Mombasa. Mimi napenda dokumentari.

Si mjuzi wa filamu, ni mtazamaji tu, ila nina maoni yangu. Kwenye kaboi, wenyeji asilia wa Marekani wanaingia ili wapigwe risasi, wala hatuambiwi ile ardhi ilikuwa ya nani. Wanawake kazi yao kungoja dirishani. Lakini kaboi wanajua kunyamaza! Watu wawili wanatazamana hadi sebule nzima inashika pumzi. Dokumentari nyingi hazina subira hiyo: msimulizi hafungi mdomo, na muziki unakuamrisha uogope kabla papa hajatokea. Nazipenda zile ambazo kamera inangoja.

Mjomba asema dokumentari ni darasa, na darasa alishamaliza. Tangu miguu imsumbue hatoki sana, na sitaki ainuke aende kulala mapema. Mwanangu wa miaka 11 pia yupo. Tuanze na ipi?

Pwani_Shela
Waaleikum salaam dada. Mwekee My Octopus Teacher ya 2020. Ni bwana wa Afrika Kusini, Craig Foster, aliyepiga mbizi karibu na Cape Town siku baada ya siku akimfuata pweza mmoja tu. Ilipata Oscar mwaka 2021. Mjomba amewaona akina mama wakitafuta pweza miambani kila bamvua, kwa hiyo atakuwa na la kusema. Mwache abishane nayo. Msimulizi anaongea sana, hilo nakuambia mapema.

MtuWaGarsen
Dada, kaboi ni mchungaji. Sisi tuliokulia kwa wafugaji wa Tana tunamwelewa haraka. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipokwisha 1865, vijana hao waliswaga ng'ombe kutoka Texas hadi vituo vya reli vya Kansas, miezi njiani, na mito ya kuvuka. Wanahistoria wengi hukadiria kwamba mmoja kati ya wanne alikuwa mtu mweusi, na Wameksiko walikuwa wengi pia. Picha za zamani ziliwaficha karibu wote. Tafuta dokumentari inayowahusu hao. Mjomba atapata farasi wake, nawe utapata historia yako.

Langoni_Amu
Mimi nina neno kwa wanaodhani dokumentari ni kweli tupu. Nanook of the North ya 1922, iliyopigwa kwa Wainuit wa kaskazini mwa Kanada, inamwonyesha mwindaji akitumia mkuki, ilhali wakati huo walikuwa na bunduki. Nyumba ya barafu ilijengwa nusu, wazi upande mmoja, ili kamera ipate mwanga. Bado ni filamu nzuri, naipenda, lakini mtu alipanga tuone nini. Na upande wa kaboi, The Good, the Bad and the Ugly ya 1966 ilipigwa Uhispania, mwongozaji Mtaliano, Sergio Leone. Makaburi yale ya mwisho, zaidi ya 5,000, yalitengenezwa na wanajeshi wa Uhispania. Mweleze mjomba hayo baada ya filamu, si kabla.

UmmuSalma
Kwa ajili ya mtoto, High Noon ya 1952. Dakika 85, risasi chache hadi karibu na mwisho. Mlinzi wa sheria anagonga mlango baada ya mlango akiomba msaada, mji mzima unamkwepa. Na mkewe hakai dirishani, utaona mwenyewe.

BintiBarani
Allah awajaze kheri. Ijumaa hii High Noon, ijayo pweza. Nimemtajia mjomba pweza, ameuliza kama huyo bwana alimla. Sasa swali jingine: macho yake hayasomi tena maandishi ya chini, na Kiingereza hakijui. Mnaowatafsiria wazee wenu, mnasimamisha filamu kila mara au mnamnong'oneza ikiendelea?