Data za mazoezi ya kuogelea: daftari, saa ya mkononi au programu ya timu?

kocha_msasani
Wakuu, habari za jioni. Nina watoto 22, miaka 9 hadi 16, bwawa la mita 25, msaidizi mmoja. Kila kitu kiko kwenye daftari na nusu ya kurasa zimelowa. Mzazi akiuliza mwanawe ameendeleaje tangu Januari, nabaki nafunua tu. Nihamie Excel, niwaambie wazazi wanunue saa, au nilipie programu ya timu?

mbizi_pekee
Mkuu, mimi naogelea peke yangu na saa ya Garmin, mwaka wa 3 huu. Kwa mtu mmoja ni raha: muda wa kila mita 100, mipigo ya mkono, na SWOLF, yaani sekunde za urefu mmoja ukijumlisha na mipigo. Nimetoka 41 hadi 36. Ila saa inahesabu mkono ulioivaa tu, usije ukalinganisha na hesabu yako ya mikono yote miwili. Wala usimpime mtoto wa miaka 10 na kijana mrefu. Tazama ya mtu yuleyule, mwezi kwa mwezi.

mama_wa_wawili
Jamani kocha, saa 22 ni pesa za nani? Ya mwanangu, kampuni nyingine, siku ya kibao cha miguu (anakishika kwa mikono, anapiga miguu tu) haikuhesabu kitu. Mkono umetulia, itajuaje anasogea? Siku nyingine saa ilikuwa imewekewa bwawa la mita 50, mtoto akarudi nyumbani "ameogelea" umbali mara mbili 😂

excel_na_klorini
Excel, mkuu. Tarehe, jina, mtindo, umbali, muda, na bwawa 25 au 50. Hiyo ya mwisho usiiache, maana bwawa fupi lina kugeuka kwingi na kila ukuta unamsukuma mtoto.

Kila baada ya wiki 6 waogelee 400 na 200 kwa nguvu zote, wapumzike vya kutosha katikati. Toa muda wa 200 kwenye wa 400, gawa kwa 2. Mwenye 5:40 na 2:40 anabaki na dakika 3, kwa hiyo kasi anayoweza kuishikilia ni 1:30 kwa mita 100. Seti zake zipange hapo.

Kwa timu nzima kuna pointi za World Aquatics, shirikisho la kuogelea duniani: rekodi ya dunia gawa kwa muda wa mwogeleaji, kipeo cha tatu, zidisha kwa 1000. Wa mgongo na wa kipepeo wanaingia mizani moja.

kocha_msasani
Wa miaka 9 akipimwa na rekodi ya dunia si atakata tamaa?

excel_na_klorini
Atakata. Mimi niliwahi kubandika ukutani, mabinti wawili hawakurudi. Pointi zako wewe, mtoto mpe muda wake bora tu.

klabu_kubwa
Programu ya timu ni tamu: mahudhurio, seti na muda pamoja, mzazi anaona kwenye simu. Lakini malipo yanakwenda hata likizo. Ukifika watoto 60 na makocha 4, sawa. Uliza kwanza kama ukiondoka unatoka na data zako.

kocha_msasani
Basi Excel. Wikendi hii naanza kuingiza. Muda usiosomeka kwenye kurasa zilizolowa, nikisie?

excel_na_klorini
Acha wazi, mkuu. Wapime upya Jumatatu.