Briji: klabu ya mtaani, roboti wa BBO, au kufundishana nyumbani?

PauMbili (Reading, Uingereza)

Habari zenu wana karata. Naomba mnijibu kwa mliyoyapitia wenyewe, si kwa ya kusikia.

Nimekulia Tanga. Karata za turufu nimecheza barazani tangu sijaota ndevu, wawili kwa wawili. Nilipohamia huku nikadhani briji ni zile zile, ila zimevaa tai. Huu mwezi wa tatu nakwenda klabu moja ndogo inayokutana kwenye ukumbi wa kanisa kila Jumanne jioni. Meza saba, chai na biskuti, pauni 4 mlangoni. Watu wakarimu kweli. Ila matokeo! Nikipata asilimia 42 naondoka natabasamu.

Kwa wiki nina jioni mbili tu. Niongeze siku ya pili ya klabu, ile ya Alhamisi ambako wanakaa wakali? Nibaki nyumbani nipambane na roboti wa BBO (Bridge Base Online, uwanja wa briji mtandaoni)? Au nimkubalie jirani yangu Mkenya anayetaka tukae wanne sebuleni kwake tufundishane?

Kilichonifikisha hapa ni mkono wa Jumanne iliyopita. Mimi nimekaa Kusini (A ni ree, K mfalme, Q malkia, J ghulamu):

Shupaza A 7 3
Kopa K 8 4
Uru Q 9 5
Pau A K 6 2

Nikanadi pau 1, mwenzangu uru 1, mimi bila turufu 1, yeye akapandisha hadi bila turufu 3. Kwa hiyo mkataba wetu ni kula mara 9 kati ya 13 (6 za msingi na hizo 3). Magharibi akaanza na K ya shupaza, na mwenzangu akalaza zake mezani:

Shupaza 5 4
Kopa A 7 5
Uru A J 10 8 3
Pau 9 7 5

Nikala palepale na ree. Kwetu ukiwa na ree ukaacha kula watu wanakucheka mpaka jua kuzama. Nikatoa Q ya uru, nikaiachia ipite. Mashariki akaila na K, akarudisha shupaza, na Magharibi akavuna nne mfululizo. Nimeanguka moja. Meza nyingine zote sita zilizocheza bodi hiyo (yaani karata zilezile, mgawo uleule) zimetimiza mkataba uleule.

---

Mkazi_wa_Ruwi (Muscat)

Kaka, njoo BBO, utakuja kunishukuru. Mimi kazi yangu ya zamu, klabu nitaipatia wapi? Usiku wa manane nikitoka kazini nafungua simu, roboti watatu wananisubiri, hawachoki, hawanuni, hawaniulizi kwa nini sikurudisha kopa. Klabuni kwenu mnacheza bodi ngapi kwa jioni? Kama 24 kwa saa tatu. Mimi hizo 24 namaliza kwa muda wa kunywa birika moja la chai, na kila nikimaliza naonyeshwa mikono yote minne pamoja na walichofanya wengine kwa karata zilezile. Wingi ndio mwalimu.

---

Bi_Shupaza (London, mzaliwa wa Unguja)

Mwanangu PauMbili, kwanza huo mkono, kisha ndiyo tuongee.

Ree ya shupaza hukuwa na haraka nayo. Mwache mfalme ale, mwache malkia ale, wewe kula mara ya tatu. Shupaza ni 13: wewe 3, mezani 2, kwao zimebaki 8. Magharibi akiwa na 5, Mashariki ana 3, na ukishakula ile ya tatu Mashariki hana tena hata moja. Sasa tega uru yako. K ikiwa kwa Magharibi, umeinasa. Ikiwa kwa Mashariki, ale, atarudisha nini? Kopa unazo, pau unazo. Hesabu: shupaza 1, kopa 2, uru 4, pau 2. Tisa hizo. Na kama shupaza zimegawanyika nne kwa nne, Mashariki atakuwa na moja ya kurudisha, lakini hapo watakula shupaza tatu tu na uru moja. Mkataba bado wako.

Kilichokuangusha si karata. Ni baraza. Barazani tunakula tukipata. Kwenye briji unakaa kwanza, unatazama mezani kabla hujagusa kitu, unajiuliza: nina ngapi za hakika, zilizobaki zitatoka wapi, na yupi kati ya hawa wawili ndiye wa hatari?

Sasa hao roboti. Mkazi wa Ruwi amesema kweli kuhusu wingi, ila kuna jambo hakulitaja. Mashindano mengi ya roboti kule, Kusini ambaye ni wewe hupewa mkono wenye pointi nyingi (yaani thamani ya karata kubwa) kuliko wote mezani. Raha, sivyo? Lakini maana yake karibu kila mara wewe ndiye unayecheza mkataba. Kwenye meza ya watu wanne, ukihesabu kwa haki, robo ya bodi unacheza mkataba, robo mwenzio anacheza wewe umelaza karata na kwenda kuchukua biskuti, na nusu nzima unazuia, yaani unapigania kuangusha mkataba wa wapinzani. Nusu! Hiyo ndiyo sehemu ngumu kuliko zote, na ndiyo roboti watakayokunyima. Nimewaona vijana wanakuja klabuni wanacheza mkataba kama mabingwa, ukiwaweka kuzuia wanatupa karata kama mtu anayepunguza mzigo.

---

Mkazi_wa_Ruwi

Hapo umenibana, Bi. Nimetazama sasa hivi bodi zangu za jana: 16, na nimezuia mbili. Ila kuna vyumba vya watu kwa watu pia, na kuna meza ambazo karata zinagawanywa kawaida. Mtu anachagua.

---

Kijana_wa_Maua (Nairobi)

Hizo pau zenu sisi huku tunaita maua, basi mjue jina langu linatoka wapi 😄

Nina jambo ambalo lilinigharimu mwaka mzima. Klabu nyingi za Uingereza wananadi kwa Acol, mtindo uliopata jina kutoka klabu ya barabara ya Acol, London, miaka ya 1930. Ukianza na bila turufu 1 kwa Acol ya kawaida unasema una pointi 12 hadi 14. Roboti wa BBO wao wana mtindo wa Kimarekani: bila turufu 1 ni 15 hadi 17. Chukua mkono huohuo wa PauMbili, una pointi 16. Klabuni ameanza na pau, sawa kabisa. Kwa roboti angeanza moja kwa moja na bila turufu. Mimi nilikuwa nacheza Jumatatu na roboti, Jumatano na watu, na Alhamisi sijui mimi ni nani. Siku moja nilinadi bila turufu 1 nikiwa na 16, mwenzangu mwenye 10 akanyamaza, kwa sababu 14 na 10 hazifiki 25 za kwendea mkataba mkubwa. Tukala mara 10 kwa mkataba wa 7.

Roboti niliocheza nao sikuweza kuwabadilisha mtindo. Kwa hiyo kama klabu ndiyo kwako, watumie kwa kucheza karata tu, mnada wao usiupeleke kichwani.

---

Sina_Turufu (Leicester)

Mimi niliacha klabu. Mwenzi niliyepangiwa alinifokea mbele ya meza kwa kutupa karata moja, nikarudi nyumbani kama niliyeiba kuku. Roboti hafoki.

---

Bi_Shupaza

Pole sana mwanangu. Huyo hakuwa na adabu, na klabu yenye msimamizi mzuri ingemkanya. Tafuta nyingine. Mimi na mwenzangu tuna mwaka wa kumi na moja, na sharti letu ni moja: mezani hakuna neno juu ya bodi iliyokwisha. Tunaandika namba yake pembeni, tunaizungumza njiani kuelekea kituo cha basi. Kufika nyumbani hasira imekwisha na somo limebaki.

---

Mwalimu_Kibao (Dar es Salaam)

Mimi klabu ya jirani sina, roboti nimewachoka, kwa hiyo nitetee sebule. Nimewafundisha wenzangu watatu ofisini kwa ile briji ndogo isiyo na mnada. Kila mtu anahesabu pointi zake: ree 4, mfalme 3, malkia 2, ghulamu 1, jumla ya pakiti nzima ni 40. Kila mmoja anataja idadi yake kwa sauti. Upande wenye nyingi unacheza, mwenye nyingi kati ya hao wawili anashika usukani, mwenzake analaza karata mezani, wanachagua turufu na kiwango, mchezo unaanza. Dakika ishirini za maelezo na watu wanacheza. Ukimwanzishia mtu na mnada, wiki ya tatu humuoni.

Kasoro yake nayo naisema. Baada ya miezi minne sote tulikuwa na makosa yaleyale, na hakuna wa kututoa. Kila mtu alikuwa anakimbiza turufu zote mwanzoni hata pale alipohitaji kubakiza moja ya mezani kwa ajili ya kukatia. Tuliona ni sheria! Mpaka alipopita mgeni mmoja aliyecheza miaka mingi Cairo (Wamisri hawa wameanza zamani, hata Omar Sharif yule wa sinema aliichezea timu ya taifa) akatushangaa.

---

PauMbili

Shikamoo Bi Shupaza, na asanteni wote. Mwalimu, hilo la turufu nami ninalo 🙈

Niulize la pembeni kidogo. Wiki yangu ya pili niliitiwa mwamuzi. Nilikuwa na mkono wa katikati, sijui ninadi au nipite. Nikakaa, nikajikuna, nikatazama dari, kisha nikaweka kadi ya kupita. Mwenzangu akanadi. Wapinzani wakainua mkono, tena kwa upole, "Mwamuzi, tafadhali." Akaja bwana mmoja na kitabu chake, akasema kusita kwangu kumempa mwenzangu habari, na matokeo yanaweza kurekebishwa. Niliona aibu, nikahisi wameniita mwizi.

---

Bi_Shupaza

Marhaba mwanangu. Hawakukuita mwizi, ni sheria tu, na kumwita mwamuzi ni kama kumwita fundi bomba likivuja. Unaruhusiwa kufikiri. Asiyeruhusiwa ni mwenzio, yaani kuitumia ile kusita yako kuchagua la kufanya.

Kwetu Forodhani ukipiga karata kwa kishindo mpaka mkeka unaruka, mwenzio amekwishajua unazo nyingine. Kukohoa, kukonyeza, kuinua nyusi, yote yale ni nusu ya utamu. Huku kila karata iwekwe kwa mwendo mmoja, kadi za mnada vilevile, uso mkavu. Mimi ilinichukua mwaka kuutuliza mkono wangu wa kulia.

---

Kijana_wa_Maua

Na bado majina yote ni ya mkekani. Kopa, uru, pau, shupaza, turufu, hata karata yenyewe, Mreno alituachia. Ila kwake ree ni mfalme. Sisi tukampa ree cheo cha juu zaidi, sijui ilikuwaje.

---

Sina_Turufu

Mreno alipita kwetu, sasa sisi ndio tumemfuata hadi Ulaya.

---

Mkazi_wa_Ruwi

Turudi kwenye swali, PauMbili anataka jibu. Nabadilisha kura yangu nusu. Jumanne usiiache. Jioni ya pili usiongeze bodi mpya: chukua zile 24 za Jumanne, klabu nyingi siku hizi zinaweka mikono yote kwenye mtandao usiku uleule. Chagua nne ulizofanya vibaya, zigawe upya kwa karata za kawaida mezani na huyo jirani yako Mkenya. Roboti waje baadaye, na uchague meza zenye mgawo wa kawaida ili nawe uzuie.

---

Bi_Shupaza

Ahsante, umesema nililotaka kusema, tena mimi ningeweka bodi mbili badala ya nne. Alhamisi ya wakali nenda mwakani. Si kwamba watakutendea vibaya, ni kwamba wanacheza haraka, na utakuwa unaona karata zinapita tu.

Na kwenye kuzuia, anza na rangi moja. Usijaribu kuhesabu zote nne, utapasuka kichwa. Chagua ile anayoikimbiza mwenye mkataba, hesabu mpaka 13, basi.

---

PauMbili (wiki mbili baadaye)

Nimerudi. Jumanne hii asilimia 49, na ndiyo, niliacha ree mfukoni mara mbili na mara zote mbili ililipa. Jirani yangu tumekaa naye Alhamisi zote mbili, tunabishana kuliko tunavyocheza.

Ila nimewaachia mkataba wa kopa 4 ambao nusu ya ukumbi wameuangusha. Mwenye mkataba alitoa turufu raundi tatu, mimi nilikuwa na mbili tu, kwa hiyo ya tatu nikatupa uru ndogo. Mwishoni nikabaki na A ya pau na K ya uru, lazima nitupe moja. Nikabakiza pau. Akala na uru.

---

Bi_Shupaza

Mwenzio alikuwa na turufu ngapi?

---

PauMbili

Moja.

---

Bi_Shupaza

Kwa hiyo alitupa karata mbili kwenye turufu hizo, kabla hujafika pa kuchagua. Alitupa rangi gani?

---

PauMbili

Sikuangalia, Bi.