Kozi ya grafiksi wiki nne, laki moja na themanini, nimemaliza sijui leya ni nini!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira, mnisamehe nikiteleza.

Nina steshenari yangu ndogo: fotokopi, lamineshoni, picha za pasipoti, na msimu wa harusi ukifika, kadi za mchango. Kadi nilikuwa napeleka kwa dizaina wa nje anayenikata elfu kumi kila moja. Nikasema basi, nijifunze mwenyewe. Nikajiunga na kituo kimoja, jina naliweka kapuni, laki moja na themanini, ada yote mbele. Juu yake wakanichaji elfu kumi "ya programu". Programu yenyewe ni GIMP! Ni ya bure, unaipakua bila kulipa senti kwa mtu yeyote. Hapo ndipo ningeshtuka, lakini nani angeniambia?

Wiki ya kwanza tukawasha kompyuta na kubadilisha rangi za maandishi. Ya pili mwalimu akatugawia flashi iliyojaa templeti za kadi, kazi yetu kubadilisha majina. Mbili zilizobaki ni efekti tu: maandishi ya dhahabu, maandishi yanayowaka moto, kivuli. Kile kidirisha cha pembeni chenye vipicha vidogo vilivyopangana akasema, "hicho msikiguse, mtaharibu kazi." Wakuu, hicho ndicho kidirisha cha leya, yaani tabaka za picha. Hicho ndicho kozi yenyewe!

Sasa sikieni yaliyonipata. Mama mmoja, mwenyekiti wa kamati ya send-off, kaniletea kazi ya kadi. Nimeitengeneza, maua, picha ya bibi harusi, majina, tarehe, namba za kutuma mchango. Nikatoa JPEG kama tulivyofundishwa, nikafunga. Programu ikaniuliza kama nataka kuhifadhi, nikabonyeza hapana, kwa sababu mwalimu alisema hilo swali ni la usumbufu tu. Siku ya tatu mama anapiga simu: ukumbi umegongana na harusi nyingine, badilisha tarehe. Kitu cha dakika moja, si ndiyo?

Nafungua ile JPEG, nabofya tarehe, wapi. Kila kitu kimeshikana. Nikafuta tarehe kwa kifutio, nikatoboa shimo jeupe katikati ya maua. Nikaliziba kwa kisanduku cha rangi ya waridi, kadi ikawa kama mtu aliyebandikwa plasta kwenye paji la uso. Mama akaiangalia, akanyamaza, halafu akasema, "Mwanangu, kama hujui si ungesema tu." Wakuu, ningetukanwa ningeumia kidogo.

Aliyeniokoa ni kijana jirani anayechapa fulana. Nusu saa, hakutaka hata soda. Akachukua yale makava ya plastiki ninayoweka mbele ya ripoti nikipiga baindi, akapanga matatu juu ya meza. La chini akaliandika maua, la katikati picha, la juu tarehe. "Dada, ukitaka kubadilisha tarehe unagusa lipi?" Nikaona aibu. Hiyo ndiyo leya. JPEG inayagandisha makava yote kuwa karatasi moja, basi. Ukitaka yabaki, unahifadhi faili la XCF kwa GIMP, au PSD kwa wanaotumia Photoshop, halafu JPEG unaitoa pembeni kwa ajili ya mteja. Na tangu toleo la 2.8 la mwaka 2012, GIMP imetenganisha makusudi kuhifadhi (faili lenye leya zake) na kutoa (picha ya mteja). Lile swali "la usumbufu" lilikuwa linajaribu kuniokoa!

Nikamuuliza na la picha za pasipoti. Darasani nilikuwa nafuta ukuta nyuma ya mteja ili niweke bluu chini, kila nikifuta unatokea weupe. Mwalimu aliniambia kompyuta ina virusi. VIRUSI! Kumbe picha ya JPEG ikifunguliwa haina chaneli ya alfa, yaani ile inayobeba uwazi wa picha, kwa hiyo kifutio hakitoboi, kinapaka ile rangi ya nyuma iliyowekwa kwenye kisanduku cha zana, na mara nyingi ni nyeupe. Unabofya kulia kwenye leya, unaongeza chaneli ya alfa, unafuta tena, unaona vile viraka vya kijivu kama ubao wa drafti. Umetoboa. Na bora hata usifute kabisa, weka maski: ukipaka nyeusi sehemu inajificha, ukipaka nyeupe inarudi. Mimi nimekata nywele za watu kwa kifutio wiki nne, nikikosea sikio limeenda.

Halafu kuna zile siku brashi inagoma. Unapaka, hakuna kinachotokea, unaanza kupigapiga mausi. Sababu zenyewe ni za kawaida kabisa: umesimama kwenye leya isiyo yako, au unapaka nje ya mpaka wa leya, ile mistari ya vipande ya njano na nyeusi, au kuna eneo dogo ulilichagua ukalisahau (Shift+Ctrl+A inaliondoa). Kabla ya kushika zana yoyote, angalia leya ipi imewaka. Sentensi moja hiyo, haikusemwa darasani hata siku moja.

Na si kwamba ni teknolojia ya jana. Leya ziliingia Photoshop toleo la 3.0 mwaka 1994, mimi sijazaliwa!

Nimerudi kituoni kudai hela yangu. Wananiambia leya zipo kwenye "kozi ya juu", laki mbili na nusu. Nilicheka mpaka mlinzi akaja kuchungulia.

Wanasheria mliomo humu, risiti ninayo, imeandikwa "grafiksi kamili". Naanzia wapi? Na wewe uliyesoma kituo cha aina hii, mlifundishwa leya wiki ya ngapi?

Kadi ya mama mwenyekiti naichora upya usiku huu, anaipitia kesho saa mbili asubuhi. Mods msiunganishe huu uzi.