Naomba ushauri: kazi ya kutunza data za bahari ina njia?

Wakuu, habari za saa hizi. Niko Tanga, nina digrii ya sayansi ya bahari, kwa sasa nimeshikiza kwenye mradi mmoja wa utafiti wa samaki. Sipigi mbizi. Napokea fomu kutoka madikoni, yaani wavuvi wanakoshushia samaki, nyingine zimelowa na zinanuka kibua, naziingiza kwenye Excel. Hapo ndipo penye kasheshe: huyu kaandika "changu" tu, wakati changu ni samaki wa jenasi ya Lethrinus, yenye spishi kibao, yule mahali pa kuvua kaandika "nje ya Toten", kile kisiwa kidogo cha hapa Tanga, basi, hakuna nukta za GPS. Data ya hivyo OBIS, ile hifadhidata ya dunia ya viumbe wa baharini, hawaichukui. Wanataka jina la kisayansi, tarehe, latitudo na longitudo.

Kazi nimeipenda, ila mkataba unaisha karibuni. Nikasome masta Taasisi ya Sayansi za Bahari kule Zanzibar, au nikomae kwanza mwenyewe na R na SQL, zile lugha za kompyuta za kuchakata data? Na mlioko TAFIRI (taasisi ya utafiti wa uvuvi) au hifadhi za bahari, nafasi hizi hutangazwa kwa cheo gani? Mimi naona za ofisa uvuvi na TEHAMA tu. Ada yote sina, kwa hiyo msinipe moyo wa bure.